Sumu Hupakwa Mwisho

Mwindaji wa Kihadzabe akitoka kambini asubuhi kwa kawaida hana podo. Upinde na mishale yake huishika pamoja katika mkono wa kushoto, wa kulia ukabaki mtupu. Itazame ile mishale kwa karibu, utaona si ya aina moja. Mingine ni mti mtupu uliochongwa ncha, ya kupigia ndege na wanyama wadogo. Mingine ina kigumba cha chuma kilicho wazi. Na ipo ile ambayo kichwa chake hakionekani kabisa, kwa kuwa kimezungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ya swala, ukabanwa kama bandeji ya kidole. Hiyo ndiyo yenye sumu. Hata mtu ambaye hajawahi kuwinda, akielezwa jambo hilo moja tu, anaweza kuitambua hatari iliyo mkononi mwa mwenzake kwa kuitupia jicho.

Nimeanza na ukanda huo kwa makusudi. Mahali pengi ambapo watu hulenga shabaha, tahadhari hubandikwa mlangoni: ubao wa masharti, sahihi ya mgeni, msimamizi mwenye fulana ya rangi kali. Hayo yote ni mema. Lakini kuna ustadi mwingine unaonivutia zaidi, wa fundi anayeitia tahadhari ndani ya chombo chenyewe wakati anakitengeneza, kiasi kwamba chombo kikishakamilika hakuna tena kanuni ya kukumbushana.

Wahadzabe ni watu elfu moja na ushei wanaoishi kulizunguka Ziwa Eyasi: Mang'ola upande wa Karatu, bonde la Yaeda upande wa Mbulu, Munguli na jirani zake katika wilaya ya Mkalama, Singida. Kusini-mashariki kwao, wilayani Chemba mkoani Dodoma, kati ya mito Bubu na Mponde, wako Wasandawe, nao ni watu wa upinde tangu zamani. Na kama unataka kujua zamani hiyo ni ya lini, simama Kolo, kwenye barabara itokayo Dodoma kwenda Babati kupitia Kondoa, kisha upande mlima. Kwenye vibanda vya mawe utakuta watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, baadhi yao wameshika pinde. Mary Leakey alizinakili picha hizo mwaka 1951, na tangu 2006 eneo lote limo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Umri kamili wa picha hizo wataalamu bado wanabishania. Hata hivyo, aliyechora mkono ulioshika upinde alijua unavyoshikwa.

Tuurudie mshale, maana utengenezaji wake ndio shule.

Wano, yaani ule mti wa mshale, mara nyingi hukatwa kwenye mkole au mti mwingine wa aina yake wenye fito nyembamba. Ufito huvuliwa gome, ukapashwa moto kidogo juu ya makaa, kisha fundi huuingiza kinywani na kuunyoosha kwa meno. Anang'ata penye kifundo, anapinda, anautoa, anafumba jicho moja na kuuangalia urefu wote, anaurudisha. Kazi hii haina haraka. Watu huifanya wamekaa kivulini wakiongea mambo mengine kabisa, na mshale uliokwisha kutumika nao huvutwa na kunyooshwa upya, kwa sababu mti hausahau ulivyoota. Baada ya hapo huja manyoya, ya kanga au ya tumbusi, yanayofungwa mkiani kwa uzi wa kano. Kano nayo hulainishwa kwa kutafunwa. Kwa hiyo kinywa cha fundi ni koleo lake, ni bakuli lake la kulowekea, ni mkono wake wa tatu.

Kigumba hutoka kwenye msumari. Msumari huo umenunuliwa dukani au umebadilishwa kwa asali, na hufuliwa ukiwa baridi, ukigongwa polepole juu ya jiwe mpaka unalala na kutoa makali. Nalitaja hili kwa sababu kila baada ya muda hutokea mtu na kamera anayewaita watu hawa mabaki ya zama za mawe. Msumari wa inchi nne uliogeuzwa silaha kwa nyundo na subira ni kazi ya mtu anayeishi zama hizi hizi, na anayejua bei ya misumari.

Sumu hupakwa mwisho kabisa, na mpango huo wa kazi ndio unaostahili kutazamwa. Fundi aliyekuwa akiung'ata ule ufito kutwa nzima haupeleki tena kinywani akishaupaka. Wano limenyooka, manyoya yamefungwa, kigumba kimekaa, ndipo kinaletwa kitu cheusi kizito kama lami. Kinabandikwa nyuma ya ncha, kuizunguka shingo ya kigumba. Ncha yenyewe inaachwa ikiwa safi, ikate ngozi ya mnyama na kuipisha sumu ipite nyuma yake. Kisha ukanda wa ngozi unazungushwa juu ya vyote. Una kazi mbili: unaizuia sumu isikauke na kupukutika, na unamzuia mwenye mshale asijikwaruze. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuziona kazi hizo mbili kuwa ni mbili. Mwindaji anayetaka sumu yake ibaki na nguvu atauzungusha ukanda vizuri hata kama hajali usalama wa mtu yeyote.

Sumu zenyewe wanazotumia ni mbili. Moja hutoka kwenye utomvu wa waridi la jangwani, kile kichaka chenye shina lililonenepa na maua ya waridi ambacho mijini siku hizi hupandwa kwenye vyungu, kikawekwa kwenye veranda za watu wenye watoto wadogo. Nyingine hutoka kwenye mbegu za mmea ambao wataalamu huuita Strophanthus eminii. Pamoja na msunguti, unaotumiwa na Wakamba na Wagiriama huko Kenya, mimea yote hii ina sumu za ukoo mmoja. Hizi huzuia pampu ndogo zilizo katika chembe za misuli ya moyo, zile zinazoitoa sodiamu na kuiingiza potasiamu. Moyo kwanza hupiga kwa nguvu zaidi, kisha unapoteza mpangilio, kisha unasimama. Mwanasayansi Jens Skou wa Denmark, aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957, alitumia ile ya msunguti kuthibitisha alichokiona, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwamba kinywa na sumu visikutane, Mzungu mmoja alijifunza kwa njia yake. John Kirk, yule yule ambaye baadaye akiwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar alimbana Sultani Barghash hadi soko la watumwa likafungwa mwaka 1873, alikuwa kabla ya hapo mganga na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858. Huko alikusanya sumu ya mishale iliyotokana na mmea ambao ni ndugu wa huo wa Eyasi, akaiweka katika mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu, na alipojipima mapigo ya moyo akakuta yamepungua. Kirk alikuwa na bahati, kwani sumu za aina hii zikipita tumboni huingia mwilini kidogo. Penye damu ndipo zinapoua kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa nazo huliwa. Tukio lile likawafikisha madaktari wa Edinburgh kwenye dawa ya moyo iitwayo strofanthini. Historia ya tiba huusimulia mkasa huu kwa furaha, kama ugunduzi. Mimi nikiusoma namuona mtu mwenye elimu kubwa aliyeweka kitu hatari pamoja na kitu cha kinywani, kosa ambalo kijana wa Yaeda mwenye miaka kumi na mitano asingelifanya.

Ukitaka kujua thamani ya ngozi ile, ilinganishe na desturi za bunduki. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaopitia kambi ya Makutupora, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hufundishwa silaha kabla ya kupewa risasi: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usimwelekee mtu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka jicho liwe kwenye shabaha, na ujue kilicho nyuma ya shabaha hiyo. Kanuni hizo nne, kwa mpangilio unaojulikana leo duniani kote, zilienezwa na Mmarekani Jeff Cooper, na hakuna uwanja wenye heshima usiozifuata kwa namna moja au nyingine. Bunduki inazihitaji kwa sababu ni chombo kinachoficha. Ikiwa na risasi au haina, kwa nje ni ile ile, na watu wengi wamekufa kwa mkono wa mtu aliyeapa kwamba chemba ilikuwa tupu. Ndiyo maana pia ina leseni, na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mshale hauwezi kuficha. Ukiwa na ngozi, umelala. Ukivuliwa ngozi, umeamka, na mwindaji huuvua pale tu anapomuona mnyama au nyayo mbichi. Hata ukiwa umepachikwa kwenye upote, hauna nguvu yoyote mpaka mtu auvute, na kuuvuta si jambo la bahati mbaya. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe, aliyekaa sana na Wahadzabe kuanzia miaka ya 1990, alizipima pinde zao akakuta kwa wastani zinadai nguvu ya kilo 30 na zaidi. Wanaume wanaoshindana kwenye Olimpiki huvuta kilo 20 na kitu. Upinde wa Eyasi unamfikia mwenyewe kichwani au kumpita, na upote wake ni kano la mnyama mkubwa lililosokotwa. Mtoto akiuokota hauvuti. Mlevi hauvuti. Mwenye hasira anaweza kuuvuta, na huyo nitamfikia.

Watoto wa kiume hupata upinde wao wa kwanza wakiwa na miaka mitatu hivi, na taarifa hii huwashtua wageni. Lakini ni upinde wa urefu wao na wa nguvu yao, na mishale yake ni mti tu. Kutwa nzima wanalenga: tunda, kibuyu kilichopasuka, mjusi, ndege. Nguvu ya upinde huongezeka kadiri mkono unavyokua. Chuma huja baada ya miaka mingi, na sumu baadaye zaidi. Hakuna siku ya mtihani wala cheti; ni kwamba upinde wenye uwezo wa kumuangusha pundamilia unamsubiri mtu mwenye mwili wa kuuvuta, na kufikia umri huo mtu huyo ameshapiga mishale isiyo na idadi mbele ya macho ya wakubwa wake. Viwanja vya mjini vingetamani kuwa na mgeni mmoja wa namna hiyo.

Mchana mwindaji huenda peke yake. Anatembea kimya, anakaribia mpaka hatua chache, anapiga. Akiwa amempata mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hamkimbizi. Anaangalia alikoelekea, anaiangalia damu, kisha anasubiri, na mara nyingi anarudi kambini kuita wenzake wamfuate pamoja. Subira hiyo inamlinda na mnyama aliyejeruhiwa, na inailinda nyama, kwani aliyefukuzwa hukimbia mbali na fisi humuona kwanza. Mwisho wa kiangazi, maji yanapobaki kwenye vidimbwi vichache, wanaume huwinda usiku, wamejibanza kwenye maficho karibu na maji. Hapo hawaendi peke yao, huenda wawili. Simba na chui nao wanakijua kidimbwi.

Sasa yule mwenye hasira. James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwaka 1958, aliandika mwaka 1982 makala juu ya jamii zisizo na wakubwa, na ndani yake kuna hoja ambayo kila mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha angepaswa kuitafakari. Kila mwanamume pale ana silaha ya kuua, alisema, na hakuna ulinzi wa kuaminika dhidi yake: mtu anaweza kupigwa mshale akiwa amelala, au akiwa peke yake porini. Kwa kuwa hatari hiyo imegawanywa sawasawa, hakuna anayeweza kujifanya bwana wa wengine. Anayeonewa huwa na dawa mbili: mshale, na miguu. Nao kwa kawaida huchagua miguu. Ugomvi ukikolea, mtu hufunga vitu vyake, vinavyobebeka kwa mkono mmoja, akahamia kambi nyingine akidai huku chakula kimepungua. Sioni namna bora ya kuweka umbali kati ya mpigaji na shabaha asiyostahili kuilenga.

Kuna na mchezo wao wa kamari, lukucuko, unaochezwa kwa vipande vya magome vinavyorushwa kwenye shina la mti. Wanaume huweka rehani mishale ya sumu, visu, nguo, karibu kila kitu. Upinde wa kuwindia, mishale ya mti ya kupigia ndege na mfuko wa ngozi havichezewi. Kwa hiyo aliyepoteza vyote jioni ataamka akiwa na uwezo wa kula, na mishale ya hatari huzunguka mkono hata mkono isilundikane kwa mtu mmoja. Sitadai kwamba waliipanga iwe hivyo. Inatosha kwamba ni hivyo.

Wageni huja Mang'ola alfajiri, kwa magari ya utalii, wakafuatana na wawindaji vichakani, na jua likishapanda huletwa kwenye kulenga. Gogo husimamishwa, au kitu chochote laini cha kupigwa. Ni uwanja wa shabaha kamili, na wenyeji ndio wasimamizi. Mgeni hupewa mshale wa mti. Ile yenye ngozi haipo kabisa katika mkono wanaomfundishia. Wengine wote husimama nyuma yake, wakiwemo watoto, ambao huwa wa kwanza kucheka. Mwenyeji humshika kiwiko, humsogeza mguu, humuonyesha vidole vinavyokaa kwenye upote, yote karibu bila maneno, kwa kuwa hawana lugha moja na mkalimani yuko mbali akiongea na dereva. Mgeni huvuta. Mikono inatetemeka, upinde unafika nusu, mshale unaanguka hatua sita mbele.

Katika mashindano ya kimataifa ya upinde filimbi hutumika: mbili, sogeeni mstarini, moja, pigeni, tatu, nendeni mkachukue mishale, tano au zaidi, kila mtu aache alichokuwa akifanya. Ni lugha safi, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye uwanja wenye watu thelathini anajua kwa nini inahitajika. Mang'ola hakuna filimbi kwa sababu mishale haipigwi na watu thelathini. Hupigwa na mtu mmoja, kwa zamu, na mwenye upinde amesimama pembeni yake kwa umbali wa mkono.

Kuna wanaoona aibu kwamba ustadi wa kuishi umegeuzwa onyesho la nusu saa, na mimi siwapingi sana. Fedha za wageni hao zimeleta pombe pamoja na unga. Lakini mwalimu yule wa asubuhi hafanyi mchezo. Anachompa mgeni ndicho alichopewa mwanawe wa miaka mitatu, kwa mpangilio ule ule na kwa sababu ile ile: mti kwanza, nguvu ndogo, shabaha isiyo hai, watu nyuma. Sumu iko kambini, imefungwa, juu ya mti au ndani ya kibanda, na mgeni ataondoka bila kuiona.

Zamu zikiisha, kijana mmoja huenda kuikusanya mishale, hata ile iliyopotelea majanini nyuma ya gogo, na huitafuta mpaka aipate. Wano lililonyooka ni kazi ya meno ya mtu. Na porini, ukiwa ni mshale wa ngozi uliokosa mnyama, kuna sababu ya pili ya kuutafuta: ngozi yake imeshavuliwa, na njia ile ile watapita watoto wanaofuata ndege.